Siku 96 za Kusema: Nani Anamsimulia Mwomba Hifadhi?

Tarehe 26 Oktoba 2018, mchana, ibada ilianza katika kanisa dogo la Bethel jijini The Hague, Uholanzi. Ilimalizika tarehe 30 Januari 2019. Narudia: ibada moja, haikukatika usiku wala mchana, siku 96. Ndani ya jengo hilo waliishi baba, mama na watoto watatu kutoka Armenia. Walikuwa wamekaa Uholanzi karibu miaka tisa, mahakama ikawahi kuwakubalia hifadhi, serikali ikakata rufaa, na mwishowe wakaambiwa waondoke. Sasa, sheria ya Uholanzi inawazuia polisi kuingia mahali pa ibada wakati ibada inaendelea. Wachungaji wakaisoma sheria hiyo kama wanasheria wanavyosoma mkataba, wakaling'ang'ania neno moja: wakati. Yaani muda wote ambao kuna mtu mbele anaomba, anasoma Maandiko, anaimba au anahubiri, polisi hawaingii. Akinyamaza, wanaingia.

Magazeti yaliipenda habari hii, na mimi ninayekula kwa kuandika habari naelewa kwa nini: ina namba, ina watoto, ina Krismasi katikati. Lakini humu tunasoma fasihi, na nataka kuisoma ibada ile kama masimulizi. Katika karibu kila hadithi ya mwomba hifadhi niliyosoma, anayelazimika kusema ni yeye mwenyewe. Anakaa mbele ya meza, anaulizwa, anaeleza, anarudishwa nyuma, anaeleza tena, na maisha yake yanategemea kama maelezo ya Jumanne yanafanana na yale ya Ijumaa. Kule The Hague mzigo huo wa kusema ulihamia kwa wenyeji. Wao ndio waliopaswa kuendelea kutoa sauti usiku kucha ili mgeni alale.

Tuliowahi kwenda kwenye mikesha tunaijua kazi hiyo. Mkesha wa Ijumaa unaanza kwa mapambio na makofi. Ikifika saa tisa usiku sauti zimekauka, mtoto wa mtu amelazwa juu ya kanga chini ya benchi, na anayeongoza maombi anarudia alichokwisha kukisema saa saba. Haya, chukua usiku huo uuzidishe mara 96. Wachungaji na wahudumu wengine karibu elfu moja walipokezana zamu, wengi wao kutoka makanisa mengine ya Uholanzi, baadhi kutoka nje ya nchi. Wapo waliokuja na kwaya zao. Wapo waliofukua mahubiri ya zamani na kuyasoma upya. Usiku wa manane waliobaki kanisani walikuwa wachache tu.

Hapo ndipo habari hii inaponishika kama msomaji. Maneno mengi yaliyosemwa katika saa zile lazima yalikuwa ya kawaida kabisa, ya kuchosha hata, ya aina ambayo mhariri angeyapiga mstari kwa kalamu nyekundu bila huruma. Sheria haikuuliza kama mahubiri ni mazuri. Iliuliza kama yanaendelea.

Ukisikia habari ya watu wanaosema usiku baada ya usiku ili jambo baya lisifike, bila shaka umeshafika Alfu Lela U Lela kabla yangu. Shahrazad anamsimulia mfalme, na kila alfajiri anakiacha kisa kikining'inia ili apewe siku nyingine. Lakini Shahrazad analindwa na utamu wa kisa, kikidorora, amekwisha. Mwomba hifadhi yuko katika hali mbaya zaidi. Msikilizaji wake hana hamu ya kujua kesho kitatokea nini, anatafuta pale ambapo kisa kinajipinga chenyewe. Tena Shahrazad alikuwa na mdogo wake, Dunyazad, aliyekaa pembeni akimwomba aendelee. Mbele ya afisa uhamiaji hakuna Dunyazad. Wale wa Bethel walifanya jambo ambalo sijalikuta katika hadithi ile ya kale: waliingia wenyewe mahali pa Shahrazad, kwa zamu, wakamwacha aliyetishiwa apumzike.

Fasihi ya Ulaya ina picha yake mashuhuri ya kanisa kama kimbilio, nayo ni ya Victor Hugo katika Notre-Dame de Paris, riwaya ya mwaka 1831. Wengi tunaijua kwa filamu. Quasimodo, mpiga kengele kiziwi, anamnyakua Esmeralda mbele ya kanisa kuu muda mfupi kabla hajapelekwa kunyongwa, anakimbia naye ndani na kupaza sauti kwamba hapa ni hifadhi. Umati unashangilia. Ni tukio la kusisimua na ndilo kila mtu analolikumbuka. Katuni ya Disney ya 1996 ilimwacha Esmeralda hai, kwa hiyo ukiishia hapo utadhani kuta zilitosha.

Hugo hakuamini kuta. Baada ya kelele za ushindi, Esmeralda anabaki katika chumba kidogo kule juu, na hatari kubwa kuliko zote imo humo humo kanisani, ndani ya kanzu: ni Frollo, padri anayemtamani. Hakuna waumini wanaokaa naye. Watu wa mitaani wanapokuja usiku kumwokoa, Quasimodo hawezi kusikia wanachosema, anawadhania ni maadui, anawamwagia mawe na risasi iliyoyeyushwa. Mfalme Louis wa 11 anapopata habari za ghasia anavua kofia, anamwomba Bikira Maria amsamehe kwa kuvunja hifadhi ya nyumba yake mara hii moja tu, kisha anaamuru binti anyongwe. Na ananyongwa. Kwa miaka mingi wahakiki wamesifu jinsi Hugo alivyolifanya jengo kuwa mhusika. Sawa, lakini tazama jengo hilo lilivyomsaidia binti. Lilikuwa na mlinzi mmoja mwenye moyo, na mlinzi huyo hakusikia.

Uingereza nayo ilishaifuta haki ya hifadhi ya kanisani tangu karne ya 17. Januari 1989 polisi walivunja na kuingia katika kanisa moja la mtaa wa Hulme, Manchester, wakamtoa mtu wa Sri Lanka aliyekuwa amehifadhiwa humo miaka miwili, na siku chache tu baadaye akawa amesharudishwa kwao. Ndiyo Uingereza anayoshukia Saleh Omar, mzee wa miaka 65 kutoka Unguja, katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo By the Sea (2001).

Kabla sijafika kwa Gurnah, niseme kitu kuhusu maneno yetu. Mkimbizi na kimbilio yanatoka shina moja, lakini moja limebeba kinachoachwa nyuma na jingine limebeba kinachoendewa. Ile "li" ndogo katika kukimbilia ndiyo inayompa mtu mahali pa kwenda. Biblia ya Kiswahili inaitumia vizuri: miji ya makimbilio. Ukisoma kitabu cha Yoshua sura ya 20 utakuta jambo ambalo wahubiri huwa wanalipita haraka. Aliyemuua mtu bila kukusudia anapofika katika mji wa makimbilio haingii tu. Anasimama langoni na kuwaeleza wazee wa mji habari yake, ndipo wampokee. Usaili wa mwomba hifadhi una umri huo! Hata pale Mungu mwenyewe alipoagiza kimbilio, lilikuwa na lango, na langoni pana watu wanaosikiliza kisa.

Saleh Omar anafika katika lango la Gatwick na kunyamaza. Ameshauriwa na aliyemuuzia tiketi asionyeshe kwamba anajua Kiingereza, kwa hiyo anasema maneno mawili tu, la mkimbizi na la hifadhi, halafu basi. Mbele yake yuko afisa anayeitwa Kevin Edelman. Gurnah anamwandika bila kumfanya zimwi, na ndiyo maana anatisha. Edelman anamweleza mzee, ambaye anadhani haelewi, kwamba wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi kutoka Romania, ila wao ni jambo jingine, wao ni Wazungu, ni wa familia. Kisha anafungua mzigo wa mzee, anakuta kasha dogo la udi, udi ule mzuri wa thamani ambao msomaji wa pwani anausikia harufu yake ukurasani, na analichukua liwe lake. Afisa ameshapata alichokitaka kutoka kwa mgeni, na hakikuwa kisa.

Udi huo unatufikisha pwani yote na biashara zake za kaskazi, kwa mfanyabiashara wa Kiajemi na deni na nyumba iliyochukuliwa. Pia unatufikisha tena Alfu Lela U Lela, maana jina la udi lenyewe, ud al-qamari, linaigusa hadithi ya Qamar al-Zaman. Gurnah hajaificha nia yake. Riwaya nzima ni mtu anayejifunza kusema, na swali ni kwa nani. Kwa Edelman hasemi. Kwa Rachel, mwanasheria wa shirika la wakimbizi, anakawia kusema, na akisema anafichua kwanza kwamba Kiingereza anakijua sana. Rachel anaudhika, maana alishahangaika kutafuta mtaalamu wa Kiswahili. Mtaalamu huyo ni Latif Mahmud, na hapo riwaya inakaza fundo: jina ambalo Saleh Omar amesafiria, lililo kwenye pasipoti yake, ni la marehemu baba yake Latif, na nyumba ya baba huyo ilipotea mikononi mwa Saleh Omar.

Kwa maoni yangu sehemu bora ya kitabu ni pale wazee hawa wawili (Latif si mzee sana, lakini uhamishoni watu huzeeka mapema) wanapokaa katika fleti iliyo kando ya bahari ya Kiingereza na kusimuliana. Mmoja anasema, mwingine anasahihisha. Hakuna anayelazimishwa. Kisa cha nyumba kina pande mbili, na hakuna upande unaotoka safi. Saleh anaeleza miaka aliyofungwa, mkewe na binti yake waliofariki akiwa ndani. Kwa Edelman maelezo hayo yangekuwa ushahidi wa kupimwa. Hapa ni maongezi tu, yanayokatishwa na chai.

Lakini ndipo pia ninapogombana kidogo na Gurnah, kwa heshima zote za Nobeli ya 2021. Wanaompokea Saleh Omar ni ofisi, mwenye nyumba ya wageni asiyependeza, mwanasheria mwenye moyo mzuri, na mwisho mtoto wa adui. Mmoja mmoja. Usharika haupo. Jamaa wa msikitini hawamjii na sahani ya wali siku ya Ijumaa. Najua jibu: upweke ndiyo mada yake, na Uingereza aliyoiandika ni ya watu mmoja mmoja. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Uingereza kwa kawaida mwomba hifadhi hata jembe hapewi, hairuhusiwi kisheria afanye kazi wakati akisubiri. Hata hivyo, kutokana na upweke huo riwaya inamrudishia mgeni mzigo wote wa kusimulia. Hata anapompata msikilizaji mwema, bado ni yeye anayeimba wimbo peke yake. Sijui mwandishi mkubwa wa kwetu aliyejaribu upande wa pili, wa wenyeji waliochoka, wanaogombania zamu, wanaonuniana kuhusu nani hakuosha vikombe, na bado hawaachi. Ni nyenzo ya riwaya, tena ya kuchekesha mahali pengine.

Kuna atakayesema, na ana haki, kwamba mtu wa ukanda huu hawezi kuandika kuhusu kanisa kama kimbilio akairuka Rwanda. Katika machafuko ya 1959 na yaliyofuata, Watutsi wengi waliokimbilia makanisani walisalimika, na ndiyo sababu Aprili 1994 watu walikwenda huko huko. Ntarama. Nyamata. Nyange, ambako jengo liliangushwa kwa tingatinga watu wakiwa ndani, na padri wa parokia akahukumiwa na mahakama ya ICTR pale Arusha. Rufaa ya mwaka 2008 ikampa kifungo cha maisha. Véronique Tadjo wa Ivory Coast alikwenda Rwanda mwaka 1998 pamoja na waandishi wengine wa Kiafrika, akarudi na kitabu L'Ombre d'Imana. Anapofika Nyamata na Ntarama anaandika kama mtu anayejaza daftari la orodha: mahali, idadi, kilichobaki. Wapo wanaomlaumu kwa ukavu huo. Mimi nauona ndio uamuzi sahihi. Mahali ambapo maneno ya ibada yalitumika kuwakusanya watu kisha hayakuwazuia wauaji, mwandishi mwenye adabu anapunguza mapambo.

Ukimsoma Tadjo, kisha urudi The Hague, huwezi tena kusema kwamba kanisa linalinda. Nyange palikuwa na kuta nene na msalaba. Aliyekuwa na mamlaka humo ndani alikuwa upande wa tingatinga. Na mjini Kigali kwenyewe, katika Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimezoeleka tangu zamani, wapo Waislamu waliowaficha majirani zao, mambo yanayosimuliwa katika filamu ya Alrick Brown iitwayo Kinyarwanda (2011). Ni filamu isiyo na mtiririko sawasawa, imekatwa sura sura na baadhi ya sura ni dhaifu, lakini ndani ya msikiti wake utamkuta hata padri wa Kikatoliki amejificha. Tukio hilo peke yake linatosha kuitafuta.

Turudi Bethel kwa mara ya mwisho, maana nimewasifu sana na kazi ya uhakiki si kusifu tu. Nina maswali mawili.

La kwanza: katika siku 96 za maneno, yapi yalikuwa ya familia? Binti mkubwa alizungumza na waandishi wa habari, alisikika. Lakini sehemu kubwa ya kilichosemwa mbele ya madhabahu ilikuwa zaburi, sala, mahubiri juu ya Maandiko ya siku. Kuna namna ya kuliona hili kama kuwanyima sauti. Nimelifikiria, na sikubali. Mtu aliyekwishaeleza habari yake kwa miaka tisa mbele ya mahakimu anastahili pia kukaa mahali ambapo hakuna anayemuuliza kitu. Yule aliyehubiri saa kumi alfajiri hakuhitaji kuthibitishiwa ukweli wa vitisho vya Armenia ndipo afungue kitabu chake. Tofauti yake na wale wazee wa langoni katika Yoshua ni kubwa, na sidhani kama wachungaji wote waliiona. Wengi nadhani walifikiria tu kuwahi treni.

La pili ni gumu zaidi, ni jinsi kisa kilivyoisha. Mfalme wa Alfu Lela anabadilika moyo. Mfalme wa The Hague alikuwa serikali ya muungano wa vyama vinne, nayo haikubadilika moyo, ilikaa mezani. Mwishoni mwa Januari 2019 vyama vilikubaliana kwamba kesi za watoto wapatao 700 waliokulia Uholanzi zitazamwe upya, na familia ya Bethel ikawa na nafasi ya kubaki. Siku iliyofuata ibada ilifungwa. Lakini meza haikutoa bure. Mpango huo wa kuwasamehe watoto ulifungwa kwa watakaokuja baadaye. Na idadi ya wakimbizi ambao Uholanzi huwapokea kila mwaka kupitia Umoja wa Mataifa, watu wanaochukuliwa kambini moja kwa moja, ilipunguzwa kutoka 750 hadi 500.

Hakuna mchungaji aliyeomba hilo, wala sitawatwisha lawama yake. Ila ukisoma kwa makini mwanzo wa Alfu Lela U Lela utakuta kwamba kabla Shahrazad hajafungua kinywa, kuna wanawake wengi waliokwishauawa, wanatajwa kwa ujumla tu, bila jina wala kisa. Sasa kila nikirudia habari ya kanisa lile nasoma pamoja nayo wale 250 wa kila mwaka. Wao wako kambini, mbali sana na The Hague. Hata kwenye meza ya Kevin Edelman hawakufika.